Msitutume kwa Mhariri, Tufundisheni

Siku niliyowasilisha pendekezo langu la utafiti wa uzamifu, mmoja wa watahini alilishika kwa vidole viwili, jinsi mtu anavyomshika panya aliyekufa mkiani. Akasema, "Madam, Kiingereza hiki hakisomeki. Nenda ukatafute mhariri, kisha urudi." Wenzake wakatikisa vichwa. Mwenyekiti akaandika kitu kwenye daftari lake. Mimi nikasema asante. Ndiyo, nilisema asante! Miezi kumi na minne ya kazi ilimalizwa kwa dakika zisizofika ishirini, na ushauri pekee nilioondoka nao ni kwamba nikamlipe mtu.

Nikamtafuta huyo mtu. Wapo wengi, bei yao ni kwa ukurasa, na matangazo yao yamebandikwa kwenye kila duka la fotokopi nje ya lango la chuo. Nikatuma pesa kwa M-Pesa, pesa nilizokuwa nimeziweka za karo ya mtoto. Baada ya wiki moja kazi ikarudi imepigwa pasi. Mikato ilikaa mahali pake, vitenzi vilikubaliana na nomino, na kila neno fupi lilikuwa limeondolewa likawekwa neno refu lenye maana ile ile. Nikarudi mbele ya jopo. Safari hii hakuna aliyelalamikia Kiingereza. Waliuliza swali moja tu: "Sasa wewe unasema nini hasa?"

Sikuwa na jibu.

Miaka imepita. Nilimaliza, nikavaa joho, na leo mimi mwenyewe nasimamia wanafunzi. Na kila mwaka nawasikia wenzangu katika vyumba vya majopo wakirudia maneno yale yale: Kiingereza cha hawa watoto kimekufa, hawajui kuandika, hawajui kuongea, watafute mhariri. Basi wacha niseme nilichokosa ujasiri wa kukisema siku ile. Lile swali la pili ndilo lililopaswa kuulizwa siku ya kwanza. "Kiingereza kibovu" ni jina tunalolipa tatizo lingine ili tusilitazame usoni: mwanafunzi hajafundishwa kujenga hoja kwa maandishi, na hakuna aliyewahi kuketi akamsikiliza akiisema kwa mdomo. Hiyo ni kazi ya chuo. Chuo kimeitupa nje ya lango, kwa watu wa fotokopi.

Najua nitaambiwa, "Lakini Daktari, Kiingereza chao kweli ni kibovu." Haya. Tuulizane.

Panda matatu ya Thika Road jioni, ushuke Roysambu au Kahawa Wendani. Katika vyumba vya kupanga vya huko kuna vijana, wengi wamemaliza shahada na hawana ajira, ambao usiku kucha wanaandika insha, ripoti na hata sura za tasnifu kwa ajili ya wanafunzi wa Uingereza na Marekani. Biashara hii inajulikana dunia nzima. Filamu ya mwaka 2024 iitwayo The Shadow Scholars, inayomfuata Patricia Kingori, profesa wa Oxford, iliwaonyesha wakiwa kazini. Bunge la Uingereza lilifika mahali pa kupitisha sheria mwaka 2022 inayoharamisha, kwa upande wa England, kuwauzia wanafunzi kazi za namna hiyo. Sasa mimi nauliza: sheria ya nini, kama Kiingereza chetu hakisomeki?

Siitetei biashara hiyo. Ni udanganyifu, na anayeumia zaidi ni kijana anayeandika, maana hawezi kuiweka kazi yake bora hata kwenye wasifu wake. Lakini inatupa ushahidi ambao hakuna jopo linalotaka kuusikia. Kijana yule yule anayeandika kurasa kumi kuhusu uuguzi kwa mteja wa Ohio, na mteja akapata alama ya juu, ndiye anayekuja kwetu kujiandikisha kwa shahada ya juu na kuambiwa hawezi kuandika sura ya kwanza. Imekuwaje? Kichwa kilibadilika akiwa kwenye matatu?

Kilichobadilika ni hiki. Kazi ya Ohio inakuja na maelekezo. Kuna swali. Kuna idadi ya maneno. Kuna jedwali linaloonyesha alama zitatolewa kwa nini na zitakatwa kwa nini. Mteja asiporidhika, rasimu inarudi baada ya saa chache ikiwa na maelezo: hapa hujajibu swali, hapa huna ushahidi, hapa umerudia. Kijana anarekebisha, anatuma, na mara ya hamsini ameshakuwa fundi. Kazi yake mwenyewe, ile ya uzamifu, anaikabidhi kwa msimamizi mwezi wa pili na kuipata mwezi wa kumi, ikiwa na alama tatu za kuuliza kando ya ukurasa wa nne na maneno "rekebisha lugha". Wizi wa mtihani umekuwa mwalimu bora kuliko chuo kikuu. Ikiwa sentensi hiyo haikuumi, wewe si mwalimu.

Sasa tuje kwenye Kiingereza chenyewe, kwa sababu nacho kina mambo yake.

Wengi wetu tulifundishwa kuandika na insha ya darasa la nane. Mtihani wa KCPE umeshazikwa, wa mwisho ulifanywa mwaka 2023, lakini mzimu wake bado unatembea. Insha ya KCPE ilipenda mapambo. Jua halikuchomoza tu, lilichomoza kama sahani ya dhahabu nyuma ya vilima. Mtu hakukimbia, alikimbia kama swala aliyeona simba. Tulikariri orodha za misemo ya Kiingereza kama watu wanaokariri nambari za simu, na aliyeingiza mingi zaidi ndiye aliyepata alama. Halafu baada ya miaka ishirini tunashangaa mwanafunzi wa uzamifu akianza sura ya kwanza na enzi za Adamu, akatumia maneno sita pale panapotosha mawili, akaamini kwamba sentensi ikieleweka haraka basi haina usomi. Huyo hakosi Kiingereza. Ana Kiingereza kingi cha aina ambayo sisi wenyewe tulimlipa kwa alama ili akijue.

Kisha anafika chuoni na kupewa kiolezo. Sura tano, kila moja na vichwa vyake, na amri ya kujiita "mtafiti" kana kwamba anamzungumzia jirani. Sura ya pili, ile ya mapitio ya maandishi, inageuka kuwa gwaride la asubuhi: fulani mwaka 2009 alisema hivi, fulani mwaka 2011 alisema vile, fulani mwaka 2015 naye akasema. Kurasa arobaini za kuitana majina. Hakuna anayegombana na mwenzake, hakuna anayekosea, na mwenye tasnifu hayumo. Tukisoma hayo tunasema lugha ni mbovu. Sarufi ya gwaride hilo mara nyingi haina kosa! Kilichokosekana ni mtu anayesema, "Hawa wawili hawakubaliani, na mimi nadhani nimejua sababu."

Hili linafundishika, na wala si siri ya Wazungu. Mwanaisimu John Swales, katika kitabu chake cha mwaka 1990, alichambua jinsi utangulizi wa makala za utafiti unavyoandikwa, akaona kwamba nyingi hupiga hatua tatu. Kwanza mwandishi anaonyesha eneo ambalo wengine wamelilima. Pili anaonyesha kipande ambacho bado kiko wazi, au kilicholimwa vibaya. Tatu anaingia na kukikalia. Nilipoyasoma hayo nilicheka peke yangu. Katika nchi hii yenye mabingwa wa kunyakua viwanja, kweli tumeshindwa kumfundisha mtu kutambua kiwanja kitupu na kuweka ua? Somo hilo ni la asubuhi moja. Nililipata mwaka wa nne wa masomo yangu, kwa bahati, katika kitabu nilichoazima kwa rafiki.

Chukua na jambo la tahadhari. Wahadhiri wanatuambia usiandike "imethibitika", andika "inaelekea". Kwani hilo ni geni kwetu? Nimekulia Taita, na nimewasikia wazee wakiamua ugomvi wa mpaka wa shamba. Mzee haropoki. Husema, "Kwa nilivyosikia kwa baba yangu, na huenda nikasahihishwa, mpaka ulipita pale kwenye mkuyu." Hapo kuna chanzo, kuna kiwango cha uhakika, na kuna mlango ulioachwa wazi kwa atakayepinga. Huo ni uandishi wa kitaaluma bila karatasi. Mwanafunzi anayetoka katika nyumba ya mzee huyo anao msingi tayari. Kinachobaki ni mwalimu wa kumwonyesha kwamba anao, kisha ampe maneno ya Kiingereza yanayofanya kazi hiyo hiyo. Badala yake tunamwambia aanze upya kana kwamba amezaliwa bubu.

Na hakuna aliyezaliwa akisema Kiingereza cha tasnifu. Mtoto wa London haombi uji kwa lugha ya majarida. Yeye pia anafundishwa, na vyuo vingi vya huko vina ofisi nzima yenye walimu ambao kazi yao ni kukaa na mwanafunzi na rasimu yake. Waswahili walishasema vyaelea vimeundwa. Sisi tunasimama ufuoni tukivitazama vyombo vya watu vikielea, halafu tunamcheka kijana wetu kwa kukosa chombo, na hatujawahi kumpa hata msumari.

Nimesema kuhusu kuandika. Kuongea ndiko kunakoniuma zaidi.

Tulikuwa na mwenzetu, mtu wa Lamu, aliyekuwa akitafiti misitu ya mikoko. Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na huyu bwana alikua ndani yake. Angekutajia mkoko, mchu, muia, mkandaa, mlilana na mkomafi kwa kutazama majani tu toka mbali. Alijua ukataji unavyopangwa kwa unene wa mti, tangu fito na pau hadi boriti na nguzo, na alijua kwa nini sehemu fulani ikikatwa boriti zote haioti tena kama zamani. Siku ya semina aliwasilisha kwa slaidi, akisoma neno kwa neno, macho hayatoki ukutani. Profesa mmoja akamuuliza swali zuri, swali la haki kabisa: kwa nini umechagua viunga hivi na si vile? Mwenzetu akasimama kimya, kisha akasema, "Nimelipokea, Profesa. Asante." Swali la pili, nimelipokea. La tatu, nimelipokea.

Tulipotoka nje, chini ya mti wa maegesho, akanieleza kwa Kiswahili kwa nini alivichagua viunga vile. Alizungumza kama dakika kumi. Alinieleza kuhusu bamvua na maji mafu, kuhusu mahali ambapo wakataji walipewa vibali na mahali walipojichukulia, kuhusu kiunga kimoja alichokikataa kwa sababu mzee aliyekijua alikuwa amefariki na hakuna ambaye angeweza kumthibitishia historia yake. Lilikuwa jibu kamili la kisayansi. Hakuna hata mmoja wa jopo aliyelisikia. Kwenye fomu waliandika kwamba mtahiniwa haelewi mbinu zake.

Hapo shida ilikuwa Kiingereza? Kwa kiasi, ndiyo. Sitadanganya. Lakini Kiingereza chake kilitosha kujibu nusu ya jibu lile. Kilichomfunga ni woga, na woga ule tuliupanda sisi. Shuleni kwetu kulikuwa na kibao tulichokiita diski. Ukinaswa ukisema Kidawida unavishwa shingoni, na jioni mwenye kibao anachapwa. Wasomaji wengi wa umri wangu wanakijua, kwa jina hili au lingine. Somo la kibao lile halikuwa Kiingereza. Somo lilikuwa: ukiwa huna hakika, nyamaza. Tulilifuzu vizuri sana. Kisha tunalipeleka chuoni, ambako profesa hapingwi, ambako neno "nimelipokea" linasifiwa kuwa adabu, ambako mwanafunzi anaweza kusoma miaka sita bila kubishana na mtu yeyote mbele ya watu. Siku ya utetezi tunamwambia: haya, tetea. Atatetea kwa misuli gani?

Mwenzetu huyo huyo alinisimulia kuhusu darsa alizokaa utotoni. Mwanafunzi anasoma kitabu kwa sauti mbele ya sheikh. Akikosea anasimamishwa papo hapo, anaelezwa, anaendelea. Maana inafafanuliwa kwa Kiswahili ijapokuwa kitabu ni cha Kiarabu. Hakuna anayedhani kwamba kufafanua kwa Kiswahili kunakishusha Kiarabu hadhi. Vizazi vya wasomi wa pwani vilipita humo, wakaandika kwa Kiarabu na kwa Kiswahili bila kuomba radhi kwa mtu. Sisi wa vyuo vya kisasa, wenye projekta na viti vya kuzunguka, tumeshindwa kuwapa wanafunzi wetu kile ambacho darsa ya msikitini inampa mtoto wa miaka kumi: mtu wa kumsikiliza akisoma, na lugha ya kuulizia asichokielewa.

Na msidhani kibao kimeisha ukishavuka mpaka wa nchi. Orodha ya serikali ya Uingereza ya nchi ambazo raia wake hawadaiwi kuthibitisha kwamba wanajua Kiingereza ina Malta. Kenya haimo. Mtu aliyefanya mitihani yake yote kwa Kiingereza analipia mtihani wa IELTS, na matokeo yake yakifika miaka miwili yameharibika kama maziwa. Mwaka 2023 watafiti wa Stanford walijaribu programu saba zinazodai kutambua maandishi ya akili bandia. Wakazipa insha 91 zilizoandikwa na watu wenyewe, waliofanya mtihani wa TOEFL, watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo zilituhumiwa kuwa za mashine. Kwa hiyo ukiandika vibaya, hujui Kiingereza. Ukiandika vizuri, si wewe uliyeandika. Na tayari nawaona wahadhiri wetu wakizishabikia programu hizo, kwa sababu zinawapunguzia kazi ya kumjua mwanafunzi wao. Anayemjua mwanafunzi kwa sauti yake, aliyesoma rasimu yake ya kwanza, ya pili na ya tano, hahitaji mashine kumwambia nani aliandika.

Kuna kundi la pili ninalogombana nalo, nalo ni la marafiki zangu. Hawa wanasema achaneni na Kiingereza kabisa. Wanamtaja Ngũgĩ wa Thiong'o katika kila aya. Nami namheshimu Ngũgĩ. Waraka ule wa mwaka 1968, alioutoa na Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, wakitaka Idara ya Kiingereza ya chuo cha Nairobi ivunjwe ili Afrika iwe katikati ya masomo, uliwafungulia njia wengi, mimi nikiwemo. Lakini jamani, waraka wenyewe uliandikwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza kinachokata kama wembe. Walikijua chombo hicho kiasi cha kukipiga nacho. Sasa wewe unamwambia binti wa Wundanyi asijisumbue kukijua, na watoto wako wako shule ya mtaala wa Cambridge? Nyani haoni kundule.

Nakubali kwamba Kiswahili kinaweza kubeba uzamifu. Tena kinabeba: katika idara za Kiswahili tasnifu zinaandikwa kwa Kiswahili na kutetewa kwa Kiswahili kila mwaka, na mbingu hazijaanguka. Katiba yetu, ibara ya 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Siku idara ya kilimo au ya afya ya jamii itakapokubali tasnifu ya Kiswahili nitachinja mbuzi. Lakini mwanafunzi aliyejiandikisha leo hawezi kuningojea nichinje. Kanuni za Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu za mwaka 2014 zinamtaka awe amechapisha angalau makala mbili katika majarida yanayohakikiwa kabla ya kuhitimu, na majarida mengi ya fani yake ni ya Kiingereza. Akiachwa bila ufundi, ataangukia mikononi mwa majarida ya kitapeli yanayochapisha chochote ukilipa. Nao wanajua kwamba amechoka.

Ninachokidai basi ni kitu kidogo na kigumu. Waheshimiwa maprofesa, mimi nikiwa mmoja wenu, nisikilizeni.

Acheni Kiswahili kiingie chumbani. Kabla mwanafunzi hajaandika sura, mwambie afunge laptopu na akueleze kwa lugha anayoiota usiku. Hivi ndivyo nilivyookolewa mimi. Baada ya kushindwa mara ya pili, mhadhiri mmoja mstaafu aliniita nyumbani kwake, akanipa chai na mihogo, akasema, "Mwanangu, wachana na karatasi. Niambie kwa Kiswahili, umeona nini huko Taita?" Nikamwambia. Nikamwambia kwamba kamati ya maji ya mfereji nilioufuatilia ilipoandikishwa rasmi, zamu za akina mama zilisogea zikawa usiku, na kwenye vitabu vya kamati hilo halionekani, kwa sababu vitabu vinahesabu lita, havihesabu saa. Akaweka kikombe chini. "Sasa hiyo ndiyo tasnifu. Iandike hivyo hivyo, kisha tutaivusha." Tukaivusha pamoja, sentensi kwa sentensi, jioni za Alhamisi. Sikuwahi kumlipa. Na lile jopo lililonituma kwa mhariri halikuwahi kuniuliza nimeona nini.

Someni kurasa chache, mara nyingi. Kurasa mbili kila wiki mbili zina faida kuliko kurasa mia mbili mara moja kwa mwaka. Jibuni hoja kwanza, mikato baadaye. Na pigeni marufuku katika majopo yenu maneno "Kiingereza ni kibovu". Mtahini anayetaka kuyasema aonyeshe sentensi, aseme inakosa nini, aandike yeye jinsi ambavyo ingeweza kuwa. Akishindwa, anyamaze. Nimeona wengi ambao wangenyamaza.

Wazoezeni kupingwa. Kila wiki mwanafunzi mmoja asimame dakika tano bila slaidi, aseme jambo moja analoliamini, na wenzake wambane. Aanze kwa Kiswahili akitaka, arudie kwa Kiingereza wiki inayofuata. "Nimelipokea" lisihesabike kuwa jibu.

Mtaniambia hamna muda, na hapo sitabisha. Nimegoma nanyi barabarani tukidai mishahara iliyokuwa imeshaahidiwa. Najua mmoja wetu anabeba mzigo wa wanne. Mwaka 2019 chuo kimoja cha umma kilipotoa shahada 118 za uzamifu kwa mahafali mamoja, nchi ilishtuka na Tume ikaingia kuchunguza. Mjadala ukawa wa hesabu: ni wengi mno, wasimamizi walitoshaje? Lilikuwa swali sahihi. Basi tulimalizie: ikiwa hatuna muda wa kusoma kurasa mbili, tusiwaandikishe. Tusichukue karo ya mtu kwa miaka saba halafu tukamwambia shida yake ni mikato.

Nanyi wanafunzi, msicheke sana. Kuna miongoni mwenu wasiosoma. Huwezi kuandika makala kama hujawahi kusoma makala nzima, kuanzia kichwa hadi mwisho, ukijiuliza kila aya inafanya kazi gani. Anayenunua sura ya pili Roysambu amejinunulia ububu, na siku ya utetezi utamuumbua. Soma kwa sauti. Andika kila siku, hata aya moja. Mwambie mama yako utafiti wako kwa lugha ya nyumbani, na akikunja uso, rudi mezani.

Nimemtaja mwenzetu wa mikoko. Aliacha masomo mwaka uliofuata. Yuko Lamu sasa. Watafiti wakija kutoka nje humtafuta yeye awapeleke kwa mashua, awaonyeshe viunga, awaambie upi mchu na upi muia, wapi panaota na wapi hapaoti tena. Wao huenda kwao na kuandika. Mwaka jana alinitumia picha ya ukurasa wa makala moja ya Kiingereza, ya jarida zuri tu. Mwishoni, mahali pa shukrani, jina lake lilikuwepo pamoja na la nahodha wa mashua. Walikuwa wamelikosea herufi mbili.

Niliisoma makala yote. Katika sehemu ya mbinu kuna sentensi inayoeleza kwa nini viunga vile vilichaguliwa. Ni jibu lile lile alilonipa chini ya mti wa maegesho.